Tule wapi tukiwa mbali na kwetu?

Magazeti hupima vitabu, hupima nyimbo, hupima hata mchezo wa Mazembe wa siku ya Jumapili. Mwimbaji akikosea sauti moja, kesho yake mji mzima umesoma habari yake. Lakini nyumba za kulia chakula, ambamo watu wa Lubumbashi huingia kwa wingi kila siku adhuhuri, ni nani anayezipima kwa maandishi? Watu huzisifu au kuzitukana kwa mdomo, wakipangusa vidole, halafu husahau. Sisi tumeona vema kuzitazama kidogo, maana kazi yetu hutupeleka njiani mara nyingi, kwenda Likasi, kwenda Kolwezi, kushuka Kasumbalesa, na mtu wa njiani hana budi kula sahani ya mwingine.

Tunataka kusema hasa juu ya malewa. Kila msomaji anajua jambo hilo: meza mbili, viti vya plastiki, turubai juu ya miti minne, mbabula tatu za makala, sufuria zenye vifuniko, na mama mmoja mwenye mwiko. Neno lenyewe tumelipata kutoka Kinshasa pamoja na muziki. Mwaka 2009 Werrason alipotoa nyimbo zake za Techno Malewa, lilikwisha kuingia hata katika vinywa vya watoto wa Katuba. Watu wengine hulitamka kwa dharau kidogo. Husema: «Mimi mtu wa heshima, siwezi kula malewa.» Lakini saa sita tunawaona nyuma ya turubai, wamegeuza mgongo barabarani.

Aibu hiyo ina asili yake. Mji wetu umezaliwa mwaka 1910, reli ilipofika kutoka kusini, na Union Minière ilikwisha kuundwa mwaka 1906. Wafanyakazi waliotoka mbali walilishwa kwa posho: unga wa mahindi, samaki au nyama, karanga, mafuta, chumvi. Mke wa mfanyakazi alipika nyumbani kambini, na mume akala mbele ya watoto wake. Restora zilikuwa za mji wa Wazungu, na kati ya mji huo na mtaa wa Waafrika uliachwa uwanja mtupu wa makusudi. Mwafrika akisafiri, alitafuta mtu wa kabila lake, akaingia kwake, akapewa maji ya kunawa. Basi kula kwa fedha mbele ya watu wote kulikuwa kama kutangaza: sina ndugu katika mji huu.

Kisha mambo yakageuka. Katika miaka ya 1980 Gécamines, iliyoshika mahali pa Union Minière, ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka. Mwaka 1994 shaba yote haikufika tani 50,000. Mishahara ikachelewa, kisha ikakoma. Katika miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa kupewa fedha ya kuagana. Mwalimu Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi amesimulia katika kitabu chake «Bana Shaba abandonnés par leur père», kilichotoka mwaka 2001, jinsi watoto wa kampuni walivyoona kwamba baba yao amewaacha. Wakati baba alipoketi nyumbani akingojea mshahara, mama alitoa mbabula nje. Kile alichokuwa akiwapikia watoto wake akaanza kuwapikia watu wa njiani. Ndiyo sababu chakula cha malewa ni chakula cha nyumbani kabisa: bukari, sombe, lengalenga, ndakala, maharagwe. Ni mafiga ya kambi yaliyohamia barabarani. Anayeyadharau anadharau mkono uliomlea.

Lakini kuheshimu si kusifu kila kitu. Tuseme sasa yaliyo mema na yaliyo mabaya, kila moja kwa jina lake.

Jambo la kwanza tunalolipenda katika malewa ni sufuria iliyo wazi. Ukifika, mama hakuletei karatasi. Anafunua kifuniko cha kwanza: sombe. Cha pili: ndakala kwa nyanya. Cha tatu: maharagwe. Mvuke unakupiga usoni, unaona kwa macho yako, unanusa kwa pua yako, unachagua. Kama sombe imekauka pembeni, unajua ni ya jana. Kama mafuta yamejitenga juu ya nyanya, unajua hakuharakisha. Hakuna mahali pa uongo kati ya jicho lako na chungu.

Linganisheni na zile ziitwazo restora. Siku moja, katika mji mmoja wa njia ya Kolwezi, tuliingia nyumba yenye vitambaa vyeupe mezani na maua ya plastiki. Kijana akatuletea orodha ya kurasa nne, kwa Kifaransa kizuri. Tukaomba samaki wa Tanganyika. «Leo hakuna, papa.» Tukaomba mbuzi. «Amekwisha.» Tukaomba lengalenga na bukari. Akatutazama kama mtu aonaye mgonjwa: «Hiyo hapa hatupiki.» Basi kuna nini? «Kuku na chipsi.» Kuku yule alifika baada ya saa moja na nusu, mwekundu kwa nje, na karibu na mfupa baridi bado ya barafu. Tulilipa fedha ambayo kwa mama wa turubai ingelisha watu watano.

Kosa la nyumba ile halikuwa kuku. Kuku wa barafu wametoka mbali, Brazili na Ulaya, na wamesaidia watu wengi kupata nyama. Kosa lilikuwa kuahidi vyakula thelathini na kuwa na kimoja. Tena kulikuwa na kosa la pili, nalo tunaliona zito kuliko la kwanza: kufikiri kwamba lengalenga ni chakula cha kufichwa, na kwamba mgeni wa heshima lazima ale kile ambacho mpishi mwenyewe hali kwake. Tunazijua restora za mji zinazopika bukari na sombe bila kuona haya, na vizuri sana, hizo hatuzisemi. Lakini ile yenye kurasa nne ina ndugu wengi.

Tuje kwenye bukari, maana hapo malewa husimama au huanguka. Bukari njema imepikwa kwa uji kwanza, maji yamechemka kweli, kisha unga ukaongezwa kidogo kidogo, mwiko ukigeuka bila kupumzika mpaka mkono uchoke. Ukiikata, inashika umbo la vidole wala hainati. Ukikuta ndani yake kidonge cha unga mkavu, mpishi alikuwa akizungumza. Wengine huchanganya unga wa muhogo na wa mahindi. Hakuna ubaya, wako wanaoipenda hivyo, inavutika vizuri na hushiba mapema. Ubaya ni kuchanganya bila kusema, kwa sababu mahindi yamepanda bei.

Na mahindi hupanda bei kweli. Katanga haijilishi yenyewe. Tangu wakati wa Rhodesia tunatazama kusini kupata unga. Mwaka 2024 Zambia ilipata ukame mkali hata serikali yake ikautangaza kuwa msiba wa taifa, nasi tukaona katika sahani zetu kile ambacho wengine walisikia redioni. Malewa mengine yaliacha bukari katika ukubwa wake na kuongeza bei. Mengine yaliacha bei mahali pake, na bukari ikapungua wiki kwa wiki hata ikawa kama ngumi ya mtoto. Watu waliwatukana wale wa kwanza, wakabaki kwa wale wa pili. Sisi tunahukumu kinyume. Aliyeongeza bei alituambia ukweli, tukaweza kuchagua. Aliyepunguza bukari alituacha turudi kazini na njaa tusiyoijua sababu yake.

Sombe inadai uvumilivu mkubwa zaidi. Majani ya muhogo yana sumu ndani yake. Kutwanga sana na kuchemsha muda mrefu huiondoa. Wamama wetu walijua hivyo kabla ya daktari yeyote. Lakini makala siku hizi ni ghali, misitu iliyo karibu na mji imekatwa, magunia hutoka mbali zaidi kila mwaka, na sombe ni chakula kinachokula makala. Ndipo baadhi ya wapishi hutia magadi ili majani yalainike haraka, kisha huipua upesi. Ulimi huyajua majani hayo: ni laini lakini yana ladha ya sabuni, na rangi yake ya kijani imezidi. Hatutaki kumtisha mtu. Ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu, ambao daktari Trolli aliuandika mwaka 1938 katika nchi ya Kwango, huwapata wale wanaokula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, siku nyingi mfululizo, bila samaki wala nyama. Hauji kwa sahani moja ya sokoni. Hata hivyo sombe iliyoharakishwa ni kazi mbaya, na mpishi anajua. Mama mmoja wa soko la Kenya, ambaye sombe yake tunaipenda kupita zote, huanza kuchemsha kabla ya mapambazuko. Tulipomwuliza kwa nini hatumii magadi, alijibu: «Yaya, mimi pia ninakula hii.»

Sasa maji. Hapa hatuna maneno matamu. Katika malewa mengi kuna beseni moja, na maji yale yale hunawisha watu wanane au kumi, wa mwisho akitoka na mikono michafu kuliko alivyoingia nayo. Nasi tunakula bukari kwa mkono! Kipindupindu hurudi mara kwa mara Kalemie, hurudi hata katika miji yetu ya shaba. Mwezi wa Julai 1994 Goma iliona jinsi kinavyoua. Desturi ya wazee ilikuwa safi kuliko hii: mtoto wa nyumba alisimama na birika, akammiminia kila mgeni maji, na yale machafu yakaanguka chini. Mwaka 2020, wakati wa corona, tuliona ndoo zenye robineti mbele ya milango mingi. Leo nyingi zimerudi nyumbani kuwekea maji ya kunywa. Birika haina bei kubwa. Mama mwenye sufuria tano anaweza kununua birika moja, na mteja anayetoa fedha ana haki ya kuiomba bila kuonekana mwenye kiburi.

Pamoja na maji tuseme juu ya mfuko wa plastiki. Ili bukari isipoe, hufungwa ya moto katika mfuko mwembamba na kuwekwa ndani ya ndoo yenye kifuniko. Ukiifungua, plastiki imejishika na chakula kama ngozi. Amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza mifuko hiyo, mifuko haikuisikia. Tunajua sababu: watu mia hufika kwa saa moja, wala hakuna awezaye kusonga bukari mia kwa saa moja. Lakini tumeona mahali wanapotumia bakuli zenye mifuniko, zilizopangwa juu ya mbabula yenye makala machache, na bukari hukaa moto vilevile. Kwa hiyo jambo linawezekana.

Njiani mambo ni tofauti kidogo. Kasumbalesa malori hupanga mstari mrefu, na madereva hungoja siku nyingi. Bila wamama wa mbabula wangekufa njaa ndani ya vyumba vyao vya chuma. Wengi wa madereva hao ni Watanzania. Kwao wanawake wa kazi hii huitwa mama ntilie, na bukari huitwa ugali. Wao wamewazoeza wapishi wetu kupika chapati na chai ya maziwa asubuhi, na chapati ya Kasumbalesa sasa ni njema kweli, yenye tabaka, isiyokuwa na mafuta mengi. Tunaona ajabu kwamba mahali penye vumbi na kelele hivyo, na ambapo mteja wa leo huenda hatarudi tena, wapishi wengi hubaki waaminifu. Labda ni kwa sababu madereva huambiana yote. Lori la kwanza likila vibaya, la ishirini halisimami.

Katika njia ya Likasi, hasa kwenye vizuizi vya kulipia barabara, chakula huja chenyewe mpaka dirisha la gari: ndizi, karanga, mahindi ya kuchoma, mayai ya kuchemsha yenye chumvi katika kipande cha karatasi. Sisi tunasifu yai. Ni chakula kisafi kuliko vyote vya msafiri, kwa kuwa Muumba amelifunga mwenyewe na wewe unalifungua mwenyewe. Wakati wa mvua huuzwa uyoga, mkubwa mwingine kama mwavuli wa mtoto, tena na vinkubala. Vitu hivyo si vya kula garini; vinapelekwa nyumbani. Lakini tunauliza: kwa nini kati ya Lubumbashi na Kolwezi, safari ya kilometa zipatazo mia tatu, hatukuona hata nyumba moja ya kulia iliyowapikia wasafiri uyoga ule unaouzwa mlangoni pake? Wauzaji wako nje na uyoga, wapishi wako ndani na chipsi, na ukuta mmoja katikati.

Juu ya michopo tutasema machache, maana ni chakula cha jioni na cha chupa ya Simba, na ina watetezi wa kutosha. Mbuzi anayechomwa polepole, akakatwa vipande na kuletwa juu ya karatasi pamoja na kitunguu kibichi, chumvi na pilipili, hahitaji sifa yetu. Tunadai jambo moja tu, bei ijulikane kabla ya kisu. Wachomaji wengi hupima kwa jicho, na jicho lao huona kipande kikubwa zaidi mteja akiwa amevaa koti.

Tumewahukumu wapishi, haki inataka tuwahukumu na walaji. Nyuma ya malewa mengi kuna daftari. Ndani yake kuna majina ya watu wenye kazi, makarani, walimu, walinzi, hata wenzetu, pamoja na sahani walizokula kwa deni tangu mwanzo wa mwezi. Mtu huyo akimpeleka mgeni restora, hulipa mara moja, tena huacha kitu kwa kijana wa mezani. Kwa mama wa turubai husema «andika». Mshahara ukitoka, hupita barabara ya pili.

Hesabu yake si ngumu. Mtaji wa mama ni gunia moja la unga la kilo 25, gunia la makala, mafuta kidogo. Fedha ya leo hununua unga wa kesho. Watu watano wakikosa kulipa, kesho hanunui gunia. Ananunua kwa kopo, na kwa kopo unga ni ghali zaidi. Ndipo bukari inapopungua, sombe inapoipuliwa mapema, samaki anapogawanywa mara tatu. Yule yule aliyeandikwa katika daftari huinua sahani na kulalamika kwamba mama huyu siku hizi hapiki vizuri. Tumesikia malalamiko hayo mara nyingi, na mara nyingi tulijua jina la mlalamikaji liko ukurasa wa ngapi. Malewa yanayofungwa katika mtaa wetu hayafungwi kwa ubaya wa chakula. Askari wa jiji huyabomoa mara kwa mara wanaposafisha barabara, lakini baada ya wiki moja turubai hurudi juu. Daftari likijaa, hairudi.

Mama wa soko la Kenya hana daftari. Ameandika kwa chaki juu ya ubao neno moja, «Cash», na watu humcheka, kisha huketi. Saa nane mchana sufuria zake zimekwisha kuoshwa na kupinduliwa juani. Ukifika saa nane na robo, hata ukiwa nani, utapata chai tu.